Kutoka DMT hadi Mwendokasi: Basi la Jiji ni Jambo la Nyumbani

Na Mwandishi Wetu

Watu wengi huyahesabu mambo ya mabasi kuwa ni ya wizara, ya mashirika na ya wenye magari. Huyaacha katika kurasa za uchumi, pamoja na bei za mazao na shehena za bandarini. Lakini mama yeyote mwenye nyumba Dar es Salaam anajua kwamba sivyo. Saa ya kuamka nyumbani kwake haipangwi na jogoo, wala haipangwi na mwajiri. Hupangwa na basi. Uji wa watoto hupikwa usiku wa manane kwa sababu ya basi, na chakula cha jioni hupoa mezani kwa sababu hiyo hiyo. Baba aliyetoka kazini saa kumi alasiri akifika saa mbili usiku, saa nne zile hazikuibwa na mtu mwingine ila kituo cha basi.

Kwa hiyo ukurasa huu wa familia hauoni haya kuzungumza habari za magari. Tumeona vyema tuwasimulie wasomaji wetu jinsi usafiri wa mabasi ulivyoanza katika jiji hili, jinsi ulivyokua, jinsi ulivyoyumba na ulipofikia, kisha tuulize swali moja ambalo limerudi katika kila kipindi: je, basi ni huduma ya kumfikisha mwananchi, au ni biashara ya kumtoza?

MJI WA WATU WAENDAO KWA MIGUU

Dar es Salaam ya zamani haikuhitaji mabasi mengi. Ulikuwa mji mdogo uliokumbatia bandari. Wakoloni waliugawa kwa rangi za watu: Uzunguni kulikuwa pwani yenye upepo, Uhindini kulikuwa penye maduka, na Waafrika waliwekwa Kariakoo na baadaye Ilala, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Mpagazi wa bandarini, mpishi wa Uzunguni na mlinzi wa duka walikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mwenye baiskeli alikuwa mtu wa kutazamwa.

Mji ulipoanza kutanuka baada ya Vita Kuu ya Pili, na vitongoji kama Magomeni, Temeke na Kinondoni vilipokuwa vikijaa watu, miguu peke yake haikutosha tena. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1940 ilipoingia kampuni ya Dar es Salaam Motor Transport, ambayo wenyeji waliifupisha wakaiita DMT. Ilikuwa kampuni ya binafsi, mali ya wawekezaji wa Kiingereza, na kwa muda wa miaka zaidi ya 20 ndiyo iliyobeba watu wa mji huu. Kadhalika iliendesha mabasi ya kwenda mikoani.

Wazee waliopanda mabasi yale husimulia habari za kondakta mwenye sare na tiketi ya karatasi, na basi lililoondoka kwa saa. Lakini tusisahau kwamba kampuni ile ilipeleka magari palipokuwa na faida. Njia kuu zilizotoka bandarini zilipata basi, na vijia vya ndani vilisubiri.

Umbo la mji lenyewe lilisaidia kuleta shida ambayo ipo hadi sasa. Dar es Salaam imejengwa kama vidole vya mkono: Barabara ya Bagamoyo inakwenda kaskazini, ya Morogoro inakwenda magharibi, ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, inakwenda kusini-magharibi, na ya Kilwa inakwenda kusini. Vidole vyote vinakutana katika kiganja kimoja, yaani katikati ya jiji na Kariakoo. Asubuhi watu wote huvutwa kiganjani, na jioni wote husukumwa nje. Basi likienda limejaa, hurudi karibu tupu. Jambo hili ni gumu kwa mwendeshaji yeyote, awe wa umma au wa binafsi.

UDA NA KAMATA ZAZALIWA

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, njia kuu za uchumi ziliingia mikononi mwa umma. Zamu ya DMT ilifika mwaka 1970, ilipotaifishwa. Mwaka 1974 shirika hilo likagawanywa sehemu mbili. Kazi ya kwenda mikoani ikapewa KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa. Kazi ya jijini ikapewa UDA, yaani Shirika la Usafiri Dar es Salaam. Kisheria UDA ilikuwa peke yake. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kubeba abiria wa jiji kwa nauli.

Shabaha ilikuwa njema. Nauli iliwekwa chini ili mfanyakazi wa kima cha chini aimudu. Mtoto wa shule alilipa pungufu. Njia zilipangwa ili hata wakazi wa pembezoni wafikiwe. Dereva na kondakta walikuwa waajiriwa, wakipata mshahara wa mwezi, likizo na matibabu kama wafanyakazi wengine wa mashirika. Mtu aliyeajiriwa UDA aliweza kuposa bila wasiwasi.

Wengi waliokuwa vijana siku hizo wanayakumbuka mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, hasa yale marefu yaliyounganishwa katikati kwa mpira uliokunjamana. Watu waliyapachika jina la kumbakumba, kwa kuwa lilikusanya kituo kizima likaondoka nacho. Watoto walipenda kusimama pale katikati, kwenye sakafu ya duara iliyozunguka basi lilipokata kona.

KWA NINI MABASI YALIPUNGUA

Hata hivyo, shirika lile halikudumu katika afya. Baadhi ya watu husema kwa wepesi kwamba ni uzembe tu. Uzembe ulikuwapo, wala haufai kufichwa. Lakini anayetaka ukweli hana budi kutazama mambo manne.

La kwanza ni idadi ya watu. Hesabu ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 356,286. Mwaka 1978 walikuwa 843,090. Katika muda wa miaka 11 tu, watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara mbili, na hakuna shirika lililoongeza mabasi kwa kasi hiyo. Wakati huo huo makazi yalizidi kwenda mbali. Miradi ya viwanja vilivyopimwa ya miaka ya 1970 ilifungua sehemu kama Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, kisha Tabata na Mbagala. Familia ilipata nyumba nzuri zaidi, lakini ikajikuta mbali zaidi na kazi.

La pili ni fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilimeza kilichobaki katika hazina. Siku hizo hata magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa petroli. Basi halitengenezwi kwa nia njema. Linahitaji pampu, bampa, betri na matairi, na vyote hivyo vilinunuliwa ng'ambo. Aidha, magari yalikuwa ya aina mbalimbali, na kipuri cha Ikarus hakiingii katika Leyland. Matokeo yake ni kwamba basi lililoharibika liliegeshwa, likageuka kuwa duka la vipuri la mwenzake, hadi likabakia bodi tupu juu ya mawe.

La tatu ni nauli yenyewe. Iliwekwa chini kwa ajili ya huruma, lakini pengo kati ya nauli na gharama halikujazwa ipasavyo. Huruma isiyokuwa na bajeti humwangukia yule yule aliyehurumiwa. Mwananchi alipata nauli rahisi ya basi ambalo halikuja.

La nne ni barabara. Mashimo ya mvua za masika yaliua springi na shokamzoba kuliko uzee ulivyoua.

Basi katika nyumba za jiji kukazuka desturi mpya. Kina mama walijifunza kuondoka alfajiri kabla ya adhana. Wafanyakazi walichelewa, na wakuu wa kazi wakachoka kusikiliza udhuru ule ule. Mlangoni pa basi palikuwa pahala pa mieleka, na aliyekuwa mjamzito, mzee au kilema alirudi nyuma akasubiri jingine.

THUMNI, CHAI MAHARAGE NA DALA

Penye uhitaji hapakosi mjanja. Hata katika miaka ya 1970, UDA ikiwa peke yake kwa sheria, magari ya watu binafsi yalikuwa yakibeba abiria kwa kujificha. Watu waliyaita thumni thumni, kwa senti 50 walizotoza. Dereva wa thumni alikuwa na macho mawili barabarani na la tatu la kumtazama askari wa usalama barabarani. Akimwona, abiria wote waligeuka ghafla kuwa ndugu zake waliokuwa wakienda msibani.

Mwaka 1983, Edward Moringe Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali iliamua kwamba kilichokuwa kikifanyika gizani kifanyike mchana. Wenye magari binafsi wakaruhusiwa kubeba abiria jijini kwa kibali kilichopitia UDA. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu walizoea kuiita dala. Makondakta wakanadi vituoni: dala, dala! Ndipo lilipozaliwa jina ambalo leo linajulikana hata na wageni wasiojua neno jingine la Kiswahili: daladala.

Magari ya mwanzo hayakuwa mabasi hasa. Yalikuwa pikapu zilizofungwa mabenchi mawili ya mbao, abiria wakikaa wanatazamana uso kwa uso, magoti kwa magoti, kama watu walioketi katika mgahawa wa asubuhi. Kwa sababu hiyo yaliitwa chai maharage. Baadaye yakaja mabasi madogo ya Kijapani. Toyota Hiace, kwa udogo na wepesi wake wa kupenya, ikaitwa kipanya. Kosta zikafuata. Kila njia ikapewa ukanda wake wa rangi ubavuni, hata asiyejua kusoma akaweza kulitambua basi la kwao kwa mbali.

Tuwape haki yao. Daladala ziliokoa jiji hili. UDA ilipobakia na mabasi machache, ni daladala zilizowafikisha watu makazini, wagonjwa Muhimbili na watoto shuleni. Zilifika Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara, na palipoota kitongoji kipya, kipanya kilikuwa kimekwisha fika kabla ya maji ya bomba. Hesabu ya watu ya mwaka 1988 ilikuta mkoa una watu 1,360,850, na ya mwaka 2012 ikakuta 4,364,541. Umati huo ulibebwa na gari la mtu binafsi, lililonunuliwa kuukuu, likaendeshwa na kijana asiyekuwa na mkataba wa kazi.

HESABU YA TAJIRI

Hapo kwenye mkataba ndipo penye kiini cha mambo, na yafaa msomaji akielewe vizuri, kwani bila kukielewa ataishia kuwalaumu madereva peke yao.

Mwenye gari, ambaye madereva humwita tajiri, aghalabu hamlipi dereva mshahara. Humkabidhi gari asubuhi, na humtaka jioni alete kiasi maalumu cha fedha, ambacho huitwa hesabu. Mafuta ni juu ya dereva. Faini ni juu yake. Wapiga debe wa kituoni nao wanataka chao. Kinachobaki baada ya hayo yote ndicho chakula cha watoto wa dereva na watoto wa konda. Siku ya mvua na foleni, kinachobaki huweza kuwa si kitu. Akiumwa, kijana wa deiwaka hushika usukani, na yule mgonjwa hapati hata senti.

Mtu aliyewekwa katika hali hiyo atafanya nini? Ataendesha kwa kasi ili apate tripu nyingi. Atangoja kituoni hadi gari lijae, hata kama mgonjwa yumo ndani. Ataongeza abiria hadi mlango usifungike. Akiona foleni mbele, atakatisha ruti na kuwashusha watu njiani, naye ageuze. Saa nane mchana, watu wanapokuwa wachache, ataegesha gari alale, maana mafuta ya kuzunguka ni hasara yake mwenyewe. Tabia hizi zote tunaziita utovu wa adabu. Lakini kijana aliyelelewa vizuri kabisa, akipewa hesabu ile, ndani ya mwezi mmoja atakuwa amezijua zote.

Abiria nao wamezaa mbinu zao. Jioni Kariakoo, mtu anayetaka kiti hulifuata basi huko linakotoka, akalipanda likiwa linaelekea mwisho wa njia, akalipa nauli, kisha akageuza nalo na kulipa nauli ya pili. Amelipa mara mbili kwa safari moja ili asisimame saa mbili. Wengine, vijana kwa wazee, wameingia kwa madirishani. Ukimwona mama mtu mzima aliyefunga kanga akipandishwa dirishani, usicheke. Kuna mtoto mchanga nyumbani anayemngoja.

MWANAFUNZI MLANGONI

Katika yote hayo, anayeumia kuliko wote ni mtoto wa shule.

Tumeona kuwa mwanafunzi hulipa pungufu. Utaratibu huo ni wa zamani, na ni wa haki. Katika nauli zilizotangazwa mwaka 2013, mtu mzima katika njia fupi alilipa shilingi 400 na mwanafunzi shilingi 200. Sasa tuchukue hesabu ile ya tajiri, tuiweke mbele ya mlango wa basi. Kila mwanafunzi anayeingia anachukua nafasi ya mtu mzima na kuleta fedha pungufu. Fedha iliyopungua hailipwi na serikali, wala hailipwi na tajiri. Inatoka katika mfuko wa dereva na konda. Ndiyo maana konda hunyoosha mkono mlangoni na kusema, denti subiri, na ndiyo maana huruhusu wawili au watatu tu, tena kwa sharti wasikae.

Katika siku za UDA jambo hili halikuwa na uzito huo, kwa sababu kondakta alilipwa mshahara ule ule awe amepakia watoto 10 au watu wazima 10. Tatizo la UDA lilikuwa kwamba basi halikuja. Tatizo la daladala ni kwamba linakuja, linasimama, na linamwacha mtoto.

Ubaya wake hauishii kwenye kuchelewa. Mtoto wa darasa la tano anayeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku hana muda wa kusoma, wala wa kucheza, wala wa kuonana na baba yake. Husinzia darasani, mwalimu akamwita mvivu. Na msichana anayeachwa kituoni siku baada ya siku ni rahisi kumwona mwema kila mwenye chombo anayemwambia, panda nikupeleke. Wazazi wanalijua hili. Wengi wanaona haya kulisema.

Tuangalie na mfuko wa nyumba. Kwa nauli zile za mwaka 2013, familia yenye wazazi wawili wanaokwenda kazini na watoto wawili wanaokwenda shule, kila mmoja kwa basi moja kwenda na moja kurudi, ilitumia shilingi 1,600 kwa wazazi na shilingi 800 kwa watoto, jumla shilingi 2,400 kwa siku. Kwa siku tano ni shilingi 12,000. Kama kila mmoja alilazimika kuunganisha mabasi mawili, kama ilivyo kwa wengi wanaotoka kidole kimoja cha jiji kwenda kingine, ilikuwa shilingi 24,000 kwa juma. Nauli zimepanda tangu hapo, lakini somo ni lile lile: kuunganisha basi ndiko kunakobomoa bajeti ya nyumba kuliko nauli yenyewe.

MWENDOKASI

Hatua kubwa ya karne hii ni mabasi yaendayo haraka, ambayo kwa lugha ya vituoni ni mwendokasi. Wakala wa kuyasimamia, DART, uliundwa mwaka 2007. Ujenzi wa awamu ya kwanza ulianza mwaka 2012 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na abiria wakaanza kupanda mwezi wa Mei 2016. Rais John Magufuli aliuzindua mradi rasmi tarehe 25 Januari, 2017.

Awamu hiyo ina urefu wa karibu kilomita 21. Shina lake ni Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi yake yanakwenda Gerezani, Kariakoo, na Morocco, Kinondoni. Ilianza na mabasi 140, vituo 27 na vituo vikuu vitano. Wendeshaji wa mwanzo walikuwa kampuni ya UDA-RT, ambayo katika jina lake shirika la mwaka 1974 linaendelea kusikika.

Siri ya mwendokasi si kwamba injini yake ina nguvu. Siri yake ni njia. Basi limepewa njia ya peke yake katikati ya barabara, hivyo gari la mkurugenzi na basi la mfagizi havigombei tena lami moja. Nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda, kwa hiyo basi halisimami kungoja chenji. Sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi, na mwenye kiti cha magurudumu huingia bila kubebwa. Dereva hana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni. Safari ya Kimara hadi mjini, ambayo ilikuwa ikila saa mbili na zaidi katika foleni, ikashuka hadi chini ya saa moja. Mwaka 2018 jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa kazi hiyo.

Sifa hizo ni za kweli. Lakini yaliyoipata UDA yanafaa kuwa onyo. Karakana kuu ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, na kila mkazi wa zamani wa jiji alijua maji ya masika hupita wapi. Mafuriko ya mwaka 2018 yaliingia karakanani na kuharibu mabasi. Kadhalika idadi ya mabasi haikuongezeka kwa kasi ya abiria. Umati ukajaa katika vituo vya Kimara na Gerezani, na mlango ukarudia kuwa uwanja wa mieleka, sasa katika kituo cha kisasa chenye paa. Mama mwenye mtoto mgongoni akarudi nyuma kama alivyorudi bibi yake mbele ya kumbakumba.

Mradi umepangwa kuwa na awamu sita, zifuate vidole vyote vya jiji. Barabara ya Kilwa, kwa watu wa Mbagala, ndiyo iliyofuata, na huduma ya mabasi yanayotumia gesi asilia ikaanza huko mwezi wa Oktoba 2025. Kwa wakazi wa upande ule, waliojulikana kwa kuingia madirishani, hiyo haikuwa habari ndogo.

TUTAKE NINI?

Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta Dar es Salaam ina watu 5,383,728. Mwendokasi peke yake hauwezi kuwabeba. Daladala bado zina kazi kubwa, hasa ya kuwatoa watu vitongojini na kuwaleta barabara kuu, na bajaji na bodaboda zimeshika palipokuwa pa miguu. Hatuna sababu ya kuchagua kimoja na kukitupa kingine. Tuna sababu ya kudai kila kimoja kitimize wajibu wake.

Historia hii ya zaidi ya miaka 70 inatufundisha mambo matatu. Kwanza, nauli nafuu isiyo na fedha za kuifidia huua basi, kama tulivyoona kwa UDA. Ikiwa taifa limeamua kwamba mtoto wa shule alipe pungufu, na limeamua vyema, basi fedha iliyopungua ilipwe na taifa, isichomolewe katika mfuko wa konda. Mradi fidia hiyo haipo, amri, faini na mahubiri havitamfungulia mtoto mlango.

Pili, dereva na konda ni wafanyakazi. Sheria inataka wawe na mikataba. Anayeendesha gari akiwa na hakika ya mshahara wake hana haja ya kukimbizana na mwenzake barabarani. Usalama wa abiria huanzia katika karatasi ile ya ajira.

Tatu, basi hutunzwa kabla halijaharibika. Vipuri, karakana mahali pakavu na mafundi waliofunzwa havina sherehe wala utepe wa kukatwa, lakini ndivyo vinavyoamua kama basi la leo litakuwapo miaka kumi ijayo.

Na sisi wazazi tuna la kufanya. Kamati za shule zinaweza kukutana na viongozi wa vituo na kupanga basi la asubuhi la wanafunzi, hata wazazi wakichangia kidogo kidogo. Sehemu nyingine wameanza na limewasaidia. Majirani wanaweza kupeana zamu ya kuwasindikiza wadogo kituoni alfajiri. Watoto wetu wafundishwe kumpisha mzee na mjamzito, nasi watu wazima tuache kuwasukuma watoto tukiwahi viti. Mtoto aliyesukumwa leo na mtu mwenye umri wa baba yake, kesho atasukuma.

Jioni ya leo, Jumapili, nyumba nyingi zitakuwa zikipiga pasi sare za shule na kuhesabu sarafu za nauli ya kesho. Sarafu hizo huwekwa pembeni ya meza, moja moja, kwa kila mtoto. Mzazi amekwisha timiza lake hapo. Kilichobaki ni basi nalo limpokee mtoto.